Tuletee Huo Mlio

Kijiwe chetu kina benchi moja la mbao na kreti mbili za soda, ubavuni mwa kinyozi, ng'ambo ya duka la vocha ambalo zamani lilikuwa gereji ya mume wangu. Watu walimwita Sikio, kwa sababu alitambua ugonjwa wa gari kwa kulisikiliza, kabla hajafungua boneti. Ana miaka sita kaburini, lakini pale benchini sijawahi kusikia mtu akitamka kwamba amekufa. Husema "enzi za Sikio," kama vile amehamia mtaa wa pili. Mimi wananiita shemeji. Si mtu wa kukaa vijiweni. Nina watoto watatu na sare za shule za watu zinazosubiri vifungo. Siku ile nilifika kwa sababu ya gari. Nililinunua likiwa limeshatumika, kwa dhamana ya miezi mitatu. Lina mlio unaokuja ukitaka, na ukishakuja, injini inazimika. Wiki moja kabla lilinizimikia katikati ya njia panda, mama yangu yuko mbele na mguu wake mbovu, wanangu nyuma, lori linatujia. Mara nne nimelirudisha kwa walioniuzia, mara nne wamelichomeka kompyuta, na kompyuta imesema gari ni zima. Mara ya nne fundi wao akaniambia, "Mama, hatuwezi kutengeneza kitu tusichokisikia. Tuletee huo mlio. Rekodi kwenye simu." Dhamana ilikuwa inaisha siku hiyo, na wao hufunga saa kumi. Mara mbili gari limelia likiwa limesimama hapo kijiweni. Basi saa nane nikaliegesha palepale, injini inawaka, nikatoa simu.

— Shemeji zangu, nina ombi moja tu. Mnyamaze.

Breki, dereva wa malori mstaafu, akashusha kikombe chake cha kahawa.

— Tunyamaze? Kuna msiba?

— Nataka kurekodi mlio wa gari. Dhamana inaisha leo.

— Dhamana? Kwani gari limekamatwa?

Wakacheka mpaka Kinyozi akatoka dukani kwake na mkasi mkononi, mteja kamwacha kwenye kiti.

— Mlio upi? Ule wa kwi-kwi-kwi?

— Si kwi-kwi, — akasema Kamusi. Huyu alikuwa karani wa masjala, na mpaka leo hakuna neno la mtu asilolisahihisha. — Ni chiri-chiri. Kama cherehani ya yule bibi wa nyumba ya kona. Mguu juu, mguu chini, chiri-chiri mpaka jua linazama.

— Cherehani ile ilikuwa tika-tika, Kamusi, — akasema Kinyozi. Ndiyo iliyonishonea suruali yangu ya kwanza ndefu.

— Na ikakupwaya.

— Ilikuwa ya kukulia!

— Basi bado unaikulia.

— Jamani, — nikasema.

— Tunanyamaza, shemeji, — akasema Breki. — Ila kwanza tuwekane sawa. Ule mlio ni wa bomba la zamani, lile la kupampu kwa mkono. Kwiii-ko. Kwiii-ko. Alfajiri uko kitandani, unasikia tu, unajua leo anachota nani. Mama yangu alikuwa anapampu taratibu, anapumzika, anapampu. Nikisikia anapumzika mara tatu, najua ndoo imejaa, naamka kumpokea.

— Bomba lilikuwa na maji siku hizo.

— Lilikuwa na foleni, — nikasema mimi. Nilikuwa kwenye foleni hiyo, nakumbuka.

Muuza kahawa akamimina duru ya pili. Gari likaendelea kunguruma vizuri, kama mtoto anayejua anaangaliwa.

— Mimi nawaambia, — Kinyozi akaanza, — hilo gari lina aibu. Nilikuwa namnyoa bwana mmoja, anakohoa usiku kucha. Akifika mbele ya daktari, kimya! Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Hapo nani hazai?

— Gari.

— Gari halizai hata likikaa uchi.

— Tatizo ni malezi, — akasema Kamusi. — Gari limekulia ng'ambo, kwenye baridi na utulivu. Lina kompyuta, na kompyuta haisahau. Likipita kona inayofanana na kona ya kwao, linakumbuka mmiliki wake wa kwanza. Pale linalia. Mtaalamu akipima atapata nini? Upweke hauna waya.

— Nyote hamjui, — Breki akakata. — Mimi mwenyewe nimepita pale getini kwa hao waliomuuzia shemeji. Gari likiingia, mlio wake hauingii. Unabaki nje. Nawaambia, milio imejipanga pale ukutani, kila mmoja unasubiri gari lake litoke.

— Umeiona?

— Nimeisikia. Mlio unaonekana?

— Debe tupu haliachi kuvuma, — Kinyozi akasema kwa huzuni. — Shemeji, umeangalia kama lina mafuta?

Nikatazama saa. Saa nane na nusu. Nilikuwa nimeliacha fungu la mashati nane bila kola, na hapa watu wazima wananiambia kuhusu milio inayopanga foleni.

— Enzi za Sikio haya yasingekuwepo, — akasema Breki.

— Yasingekuwepo.

— Mnakumbuka lori langu la kwanza? Linapiga ko-ko-ko. Nimezunguka mafundi mji mzima. Nikalileta hapa. Sikio hakuinuka hata kidogo. Amekaa hapo ulipokaa wewe, Kamusi, kikombe mkononi. Akanyanyua kidole kimoja, hivi.

Wote watatu wakanyanyua kidole, hivi.

— Mtaa mzima kimya.

— Hata mimi mkasi nilikuwa nausimamisha.

— Akasikiliza. Akamaliza kahawa yake. Akaniambia, "Breki, hiyo ni jeki yako imelegea nyuma ya kiti." Nikaenda kuangalia. Jeki!

— Mafundi wa siku hizi wanasikia kwa macho, — akasema Kamusi.

— Nyumbani alikuwa ananyanyua kidole hichohicho nikimwambia unga umekwisha, — nikasema.

Wakacheka, na mimi nikacheka, maana ni kweli. Na hapo mlio ukaja. Mwembamba, kutoka nyuma ya gari: kwiii. Nikabonyeza simu.

— Huo! Huo! — Breki akaruka.

— Nyamazeni!

— Nani anaongea? Kinyozi, nyamaza!

— Nimeongea mimi? Wewe ndiye unayesema nyamaza!

— Chiri-chiri! Sikusema? Chiri-chiri!

Injini ikazimika. Nikacheza nilichorekodi. Simu ikasema: "Huo! Huo! Nyamazeni! Nani anaongea?" Gari halikusikika hata kidogo. Nikairudia mara ya pili, wakainamisha vichwa kuisikiliza, wakaanza kugombana sauti ipi ni ya nani.

— Umoja ni nguvu, shemeji, — Kinyozi akanifariji. — Tumesema wote kwa pamoja.

Niliona tena ile njia panda, mama anashika mkanda kwa mikono miwili, lori linapiga honi. Kuanzia kesho ubovu ule utakuwa wangu peke yangu, na mama ana kliniki kila Jumanne na Ijumaa. Nikasubiri kidogo, nikajaribu ufunguo. Likawaka. Saa tisa na dakika kumi, na mpaka kwa wale wauza magari ni mwendo wa dakika ishirini kama barabara iko wazi.

Mlango wa Kinyozi ukafunguka. Akatoka yule mteja aliyeachwa kwenye kiti, kitambaa bado shingoni, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, wa pili bado. Mgeni kabisa mtaani, kahamia juzi. Nilidhani anatoka kulalamika, na alikuwa na haki.

— Samahanini wazee wangu, — akasema kwa adabu. — Nimekuwa nawasikiliza kutoka ndani. Huyo Sikio anaonekana ndiye fundi. Kwa nini msimpigie simu? Yuko wapi siku hizi?

Breki akafungua mdomo. Akaufunga.

Kamusi, mwenye neno kwa kila jambo, akatazama ndani ya kikombe chake. Kinyozi akashusha mkasi. Wakanitazama mimi, kisha wakaona haya kunitazama, kila mmoja akapata pa kuangalia. Muuza kahawa akasimamisha birika hewani. Mgeni akabaki na kitambaa chake shingoni, ameshajua kwamba amekosea, hajajua amekosea nini.

Ningeweza kumjibu. Ni neno moja tu, na mimi nimelizoea. Nimelijaza kwenye fomu nyingi. Lakini kimya kile kilikuwa kimekaa vizuri, na injini ilikuwa inawaka. Nikashika simu, nikaisogeza nyuma ya gari, nikabonyeza.

Ukaja.

Kwiii. Ukapanda, ukashuka, ukapanda tena, peke yake mtaani. Sekunde arobaini nzima. Halafu injini ikazimika na bado hakuna aliyesema kitu. Nikaacha simu irekodi kidogo zaidi, nikaizima.

— Asanteni, shemeji zangu, — nikasema. Nikawasha gari na kuondoka.

Barabara haikuwa wazi; nilifika saa kumi kasoro dakika tano, mlinzi ameshaanza kuvuta geti. Fundi wao akaweka simu sikioni, akasikiliza sekunde kumi tu.

— Pampu ya mafuta. Haina mjadala. Sasa mama, mbona hukutuletea hii siku zote?

Akachukua fomu. Kisha akasita, akarudisha nyuma, akasikiliza tena mwisho wa rekodi, uso ameukunja.

— Na huu hapa mwishoni, injini ikiwa imeshazimika? Kama kitu kinavuta hewa. Unakatika, unarudi.

Nikaichukua simu nikasikiliza. Miaka ishirini namfahamu Breki, na sikuwahi kumsikia akilia, hata siku ya mazishi ya Sikio.

— Huo si wa gari, — nikasema.

— Una uhakika? Maana nikishafunga fomu, ndiyo basi.

— Nina uhakika. Wewe andika pampu.