Nilimtoa Mama Aline kwenye Grupu

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na ninyi wa viti vya nyuma mnaosoma simu chini ya Biblia, asifiwe kwenu pia. Mimi ni Mama Imani wa Kensington. Wengi hamjaizoea sura yangu, kwa sababu zaidi ya hapa kanisani sitoki nyumbani. Mnanijua kwa kidole. Ndimi niliyekuwa admin wa grupu letu la Waswahili wa hapa Johannesburg, na leo nimesimama kueleza jinsi Mungu alivyoniponya, na jinsi alivyoniaibisha kwanza.

Johannesburg yangu mimi ilikuwa chumba cha kulala, jikoni, spaza, kile kiduka cha kona, na hapa kanisani mvua isiponyesha. Mume wangu hutengeneza friji. Yeye ndiye hutembea. Mimi nilibaki na sufuria na grupu. Nina kidato cha nne, Kiswahili nilikipata vizuri, na hiyo alama sikuwahi kuona pa kuitumia mpaka mliponipa uadmin. Ndugu zangu, mtu aliyekosa cheo maisha yake yote mpeni kitufe kimoja tu, mtamjua.

Aliyetangaza dawa ya kupunguza tumbo nilimtoa. Aliyebishana siasa za nyumbani nilimtoa. Shemeji yangu mwenyewe nilimtoa kwa kutuma vichekesho, akaja kula Krismasi kwangu bila kunisemesha. Na mliponishukuru nilisikia utamu, nisiwadanganye.

Sasa kulikuwa na Mama Aline. Ni Mrundi, mjane, anauza nyanya kando ya barabara kule Alexandra, na alikuwa akisali nasi hapa. Yeye hakuandika hata siku moja. Alituma sauti. Kila asubuhi, dakika nne, dakika tano. Anasalimia nyumba moja moja, anakohoa, anasimulia ndoto, katikati anagombana na mteja, "Hapana mama, hiyo nyanya usiifinye," anarudi kwetu, anaomba. Hujamaliza moja, ya pili imeingia.

Mlilalamika. Mlinifuata faraghani mmoja mmoja, watu wa benki na watu wa chuo kikuu, kwamba sauti za yule mama zinamaliza data na zinawaaibisha kazini. Nikatunga sheria: hapa tunaandika, haturekodi. Nikamwonya mara tatu kwa maandishi. Akaendelea na sauti zake. Jumatatu moja nikaandika, "Mama Aline ameondolewa kwa kuvuruga grupu," nikamtoa. Mkaniwekea vidole gumba mpaka simu ikawa inatetemeka mezani. Dada mmoja akaandika, "Asante admin, sasa tutapumua." Nilicheka peke yangu jikoni, nikajiona nimefagia nyumba.

Wiki iliyofuata, Alhamisi, Baba Imani alitoka asubuhi kwenda Alexandra kwa mama mmoja mwenye bucha, ambaye friji yake hufa na kufufuka kila wiki. Hajafika kona, simu yangu ikalia. Ni Mama Aline, faraghani, sauti ya dakika nne na ushee. Nikasema moyoni, huyu amekuja kulia arudishwe. Nikaigeuza simu kifudifudi, nikaendelea kuchambua maharage.

Saa sita grupu likawaka. Watu wanaandamana Alexandra, wanafukuza wageni, meza za wauzaji zinapinduliwa. Mkawa mnaulizana, "Nani yuko kule atuambie kuna nini?" Hakuna aliyejibu. Aliyekuwa kule nilikuwa nimeshamtoa. Nikampigia Baba Imani, simu haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Ndipo nikaikumbuka ile sauti.

Niliisikiliza nimesimama. Alinisalimia. Akamsalimia Imani. Akauliza mgongo wangu. Habari ya kutolewa hakuigusa kabisa. Dakika ya tatu akasema: "Sasa dada, kuko vijana wanakusanya mawe hapa kwenye roboti, hizi taa za magari, tangu alfajiri. Leo ni Alhamisi, Baba Imani anakujaka kwa ule mama wa nyama. Umwambie asikuje. Mimi namba yake sina. Umwambie sasa hivi, dada." Kisha akaniombea.

Ndugu zangu, nilipiga magoti juu ya maharage. Sikuomba kwa mpangilio. Niliomba kwa fujo, nikirudia maneno yale yale, nikikohoa, nikianza upya, na hakuna aliyenikatiza.

Saa kumi Baba Imani aliingia, hana begi lake la vifaa vya kazi. Nikamuuliza alikuwa wapi.

"Kwa Mama Aline," akasema. "Nilivyoshuka tu kwenye teksi akanivuta shati. Akaniingiza chumbani kwake, akanifunika magunia, akaenda kusimama mlangoni. Walipokuja akaanza kuongea nao Kizulu."

"Aliwaambia nini?"

"Sijui. Lakini unamjua. Aliongea, akaongea, mpaka wakachoka wakaenda zao."

"Na meza yake?"

Baba Imani akaangalia chini. "Aliiacha barabarani ili aje kunitoa mimi. Wameikanyaga yote."

Jumapili yake, hapa mlinikosa. Nilikwenda Alexandra, mimi mtu wa jikoni, nimeshika mkono wa mume wangu kama mtoto. Nilimkuta Mama Aline amepanga nyanya chache juu ya kreti. Nikamwomba msamaha.

"Nilikusamehe zamani," akasema. "Kama sikukusamehe, ningetuma sauti?"

"Basi nikurudishe kwenye grupu, dada."

"Apana. Ninyi mukiandika mimi sijui kusoma. Mimi nikisema, munachoka." Akafuta nyanya kwa khanga. "Ile siku uliandika jina langu, nilingoja Aline atoke shule anisomee. Yeye ni mtoto wa huku, Kiswahili anasoma pole pole, kama mtu anatembea juu ya mawe. Akaniuliza, mama, kuvuruga ni nini? Nikamwambia ni kukoroga uji."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana. Alituletea viti, na tulipoondoka akamwambia Baba Imani akija kwa mama wa nyama apite kwake ale.

Mama Aline hayupo hapa leo. Anasali kwingine, na mkitaka kujua kwa nini, ulizaneni ni nani aliyeweka kidole gumba alipotolewa, muanze na mimi niliyemtoa. Uadmin nimeuacha. Tayari watu wawili wameshaniuliza ni nani atakayewatoa wasumbufu. Chukueni tu, mimi Bwana ameniondolea huo mzigo.

Namshukuru Mungu kwa uhai wa mume wangu. Namshukuru kwa aibu hii pia, ingawa hiyo shukrani bado naitoa kwa shida. Na wewe uliyekaa hapo na jambo lako, ukidhani ni refu mno, limekosa mpangilio, litachosha watu: huenda likatuchosha kweli, sisi tunajulikana. Mpelekee Yeye. Yule mama alimwambia Mungu majina ya nyumba zetu kila asubuhi, sisi tukayaruka, na aliyesikiliza mpaka mwisho ndiye aliyenirudishia Baba Imani.