Meno Manne ya Sifael

Ndeshi alipanda gari la ng'ombe Arusha, shavu limemvimba, akaelekea Moshi kwa daktari Mjerumani. Mbele yake abiria wawili wasiojuana walikuwa wakibishana.

"Jino bovu lilikuwa moja tu," alisema Sifael, mapengo wazi. "Daktari yule Mjerumani wa Moshi akaning'oa manne!" Mwenzake, Lesikar, akamuuliza, "Kwani ulimwambia nini?"

"Kila alipogusa jino aliniuliza kwa Kijerumani, nami nikamjibu 'ja', yaani ndiyo. Ndilo neno pekee ninalolijua."

"Basi umejing'oa mwenyewe, bwana!"

"Mimi? Koleo nilishika mimi?"

Gari liliposimama Moshi, bado walikuwa wanavutana. Ndeshi akajikaza kuwauliza, "Samahanini, baba zangu. 'Hapana' kwa Kijerumani wanasemaje?"

Wakatazamana. Kwa mara ya kwanza tangu Arusha, wote wawili wakanyamaza.