Maji Ndani ya Nta

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Mchungaji Mwangangi, Chifu wetu, Mama Kalunde uliyeketi nyuma ingawa umewekewa kiti mbele, akina mama wa kwaya, wageni mliotoka Malili na Kambu, na ninyi majirani wa Tulia mliokuja kuona kama kweli nta inaweza kubeba maji: Bwana asifiwe.

Naitwa Kiema. Kwa miaka ishirini na saba nimeandika habari za Kitui na Makueni: mabwawa, ajali, chaguzi, mvua iliyokuja na mvua isiyokuja. Kathini, binti yake Mama Kalunde na mwenye karakana hii, aliponiomba nizungumze leo, nilimwambia kazi yangu ni kuuliza maswali. Akanijibu, "Basi mzee, uliza ukiwa umesimama." Nimesimama.

Swali la kwanza: chumba hiki tunachokifungua kilikuwa cha nini? Kilikuwa cha ndengu. Kathini aliporudi kutoka Nairobi, baada ya miaka sita katika kiwanda cha vipodozi, alimwomba mama yake chumba hiki, akapewa kwa sharti moja. Nilikuwepo, na maneno niliyaandika yalivyotamkwa: "We mwiitu, binti yangu, hiki ni chumba cha ndengu, umekiazima tu. Ndengu zikiiva na hayo mambo yako hayajaiva, unatoka." Hiyo ilikuwa Oktoba. Ndengu zetu huiva kuanzia Januari. Hesabuni wenyewe.

Alitaka kutengeneza nini? Faundesheni ngumu, ya kijiti, unayoitupa mkobani bila kuogopa kwamba itamwagika, lakini ambayo ikigusa shavu inakuwa kama umenawa uso sasa hivi. Vijiti vingi, alinieleza, ni nta, mafuta na rangi. Unajipaka ukienda ibada, na kabla mahubiri hayajaisha unang'aa kama sufuria. Yeye alitaka kufungia ndani ya nta matone ya maji, madogo kuliko macho yanavyoweza kuona, yakae kimya humo mpaka kidole kiyaamshe.

Nilikuja hapa mara tano. Nakumbuka mwanga wa mchana ukipita katika matundu ya mabati na kutua juu ya nta inayoyeyuka, na rangi zikizama humo polepole: nyekundu ya udongo wa Tulia, kahawia, nyeusi ya tambarare za Malili. Kathini aliendelea kukoroga. Mara nyingine nilisahau swali nililokuja nalo, jambo ambalo mhariri wangu hakulipenda.

Lakini nta hiyo ilikataa. Desemba alipeleka vijiti vya kwanza Kambu, kwa Shiko, ambaye ana kibanda cha vipodozi kando ya barabara kuu. Shiko yuko hapa, na atanisahihisha nikikosea. Alijipaka, akajitazama kwenye kioo, akasema, "Kathini mpenzi, hii ni ya uso ama ni ya chapati?"

Kathini aliangalia kipimo chake tena. Katika kila gramu mia moja aliweka gramu nane za maji. Kwa nini nane? Nilimuuliza. Jibu alilipata Januari, mtoni.

Mto wetu mnaujua. Wakati wa kiangazi ni barabara pana ya mchanga mweupe, na ukiutazama saa nane mchana unaelea, kana kwamba umeota ndoto kuwa ni maji. Kathini na mama yake walikuwa wamechimba kisima mle mchangani, wanachota kwa kikombe. Kathini akakanyaga kando ya kisima, akaona maji yanapanda kuzunguka kisigino. Akainua mguu, maji yakarudi ndani. Akakanyaga tena. Akauliza, "Mama, mchanga huu umebeba maji kiasi gani?"

Mama Kalunde akamwambia, "Chota. Jerikeni haijai kwa maswali."

Akachota. Na alipomwona mama yake anasuuza kikombe kwa funda moja la maji, kisha analimimina hilo funda kwenye ndoo ya mbuzi, alijua kwa nini aliweka gramu nane. Nani kati yetu angeweka zaidi? Sisi ni watu wa kuosha sahani tatu kwa kikombe kimoja. Mikono yake ilikuwa imebana maji bila kumuuliza, hata maji safi ya dukani, hata pale ambapo ubaridi wote aliokuwa akiutafuta ulikuwa ndani ya maji hayo hayo.

Akaanza kuongeza. Ishirini. Thelathini. Alipofika arobaini mchanganyiko uligawanyika, maji huku, mafuta kule. Alirudia mara saba. Mwishowe aliacha kuyamimina maji yakiwa baridi. Aliyapasha moto mpaka yakalingana na nta, akayaingiza kwa mkondo mwembamba kama uzi, huku anakoroga. Tarehe nane Machi, saa nane na robo mchana, yalishikana. Nilikuwepo. Nilijipaka nyuma ya mkono na kuandika: ubaridi, sekunde nne, kisha ngozi tu.

Vijiti hivyo vilikaa siku tano chini ya mabati ya Shiko, katika joto la Kambu, na havikulegea. Shiko alijipaka. Akanyamaza, na wanaomjua wanaelewa hiyo ni habari ya ukurasa wa kwanza. Kisha akasema, "Ni kama mtu amenipulizia usoni."

Sasa swali la mwisho. Machi tarehe nane ndengu zilikuwa zimeshavunwa. Kwa nini Kathini alikuwa bado humu? Yeye mwenyewe ameniambia mara mbili: mfanyabiashara alizinunua zote shambani, kwa hiyo chumba hakikuhitajika. Hivyo ndivyo alivyoambiwa na mama yake.

Mimi huthibitisha habari. Tarehe ishirini na sita Februari, siku kumi kabla ya nta kukubali, nilifika kwa Mama Kalunde kumhoji. Akaniambia nichukue kiti chumbani mwake, anamolala. Nilikuta magunia tisa ya ndengu, yamepangwa kutoka sakafuni hadi dirishani, na kitanda kimesukumwa ukutani mpaka mtu alazimike kukipanda kutoka upande wa miguu. Nilimuuliza. Akasema, "Usiandike."

Sikuandika. Kuhusu kusema hatukukubaliana chochote.

Mama Kalunde, kiti chako cha mbele bado kiko wazi. Kathini, mlete.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Asanteni.