Ramani Iliyoanikiwa Ndagala: Kwaheri kwa Mama Florentine Asende

Ijumaa hii, tarehe 30 Agosti 2024, Mama Florentine Asende anafunga kazi baada ya miaka kumi na tisa ya kufundisha watoto majumbani hapa Baraka. Anarudi kwao Lubondja kulima. Sisi tunaobaki tumeambiwa tufurahi. Haya, tunajaribu.

Alianza mwaka 2005 na watoto sita, kwenye baraza ya wazazi wa Chérie, aliyekuwa mdogo kuliko wote. Ni watoto waliokaa mbali na shule, au waliofika kutoka ng'ambo ya ziwa katikati ya mwaka, wakati madarasa yamekwisha kujaa. Mama Florentine alipita nyumba kwa nyumba, ubao mdogo kwapani. Mvua ikimkuta njiani, alifunika ubao, yeye akalowa. Mmoja wa wale sita, Irankunda, leo ni muuguzi Nundu, na bado anamwogopa kidogo.

Lakini likitajwa jina lake, kinachotujia ni vakansi, ile likizo ndefu ya kiangazi. Julai na Agosti alikuwa na sheria moja tu: daftari zilale. Aliwapeleka watoto ufukweni asubuhi, ziwa likiwa jeupe kwa ukungu wa kiangazi, maji na mbingu havijaachana, akawaacha watazame. Nusu saa nzima, bila kazi! Ndipo wapime mitumbwi kwa hatua, wakisie upepo utaanzia wapi, wafuate kivuli cha kijiti mpaka kifupike. Sisi wa ofisini, tuliomwajiri, tulidhani anapumzika.

Hapa lazima nikiri, mimi Bertin, katibu wenu. Mwaka 2016 shirika letu liliamua kwamba masomo ya vakansi yasiyoacha karatasi yafutwe. Barua niliiandika mimi, tena kwa mwandiko mzuri. Mkaguzi wa shirika angekuja Jumatano. Asipoona kitu, basi, watoto arobaini wakae miezi miwili bila mwalimu. Mama Florentine alijua kwamba wengi wao wasingerudi Septemba. Aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaenda ziwani na watoto wake.

Wiki hiyo walichora ramani ya Fizi, eneo letu zima, mchangani, kubwa kama uwanja wa kanisa, ziwa lenyewe likiwa mpaka wa mashariki. Walifagia mpaka jani moja lisionekane. Hapo ndipo walipokosea, maana kwetu Baraka mchanga uliofagiwa hauachwi mtupu. Jumatano asubuhi bamama wa ndagala, wauza dagaa wetu, waliwatangulia, wakaanika samaki juu ya Fizi nzima.

Mkaguzi akafika, akaambiwa kuna ramani, akauliza iko wapi. Mimi nilitazama viatu vyangu. Mama Florentine akacheka, akawaambia watoto wamtembeze. Wakampitisha katikati ya samaki: hawa wa Mama Clarisse wako Lubondja, wale wa Mama Adolphine wako Lulimba, na kutoka huku mpaka kule unavuka mito hii na hii. Bamama waliposikia walikoanika, eh, ikawa vurugu! «Mi natoka Nundu, siwezi anika ndagala ku Lulimba!» alilalamika Mama Adolphine, akaanza kukusanya. Kila mmoja akahamia kwao, beseni kichwani, watoto wakimwonyesha njia.

Mzee Nibigira, mkimbizi kutoka Burundi, alisimama pembeni kwa muda mrefu. Kisha akauliza polepole kilima chake kiko wapi. Kilikuwa majini, maana Burundi iko ng'ambo ya ziwa. Mama Florentine alipandisha kitenge magotini, akaingia ziwani na watoto, wakasimika tete moja refu. Mzee alilitazama, machozi yakimtoka. Mkaguzi naye akavua viatu, akaingia majini kuwasaidia kulishikiza kwa mawe. Barua yangu haikutajwa tena, na mimi sikuikumbusha.

Tangu siku ile ramani huchorwa kila vakansi. Mawimbi huling'oa lile tete, watoto hulirudisha. Mwaka huu nilikuwa na hofu, nasema wazi: nani angewaita watoto ziwani akiondoka yeye? Juzi Chérie, yule mdogo wa barazani, sasa mtu mzima, alikuja ofisini kuchukua fagio. Nilimpa lile kubwa la kufagilia mchanga.

Jana asubuhi nilipita pale. Ndagala waling'aa kwenye ukungu, Fizi yote, kutoka Nundu mpaka Lulimba. Lubondja tu palikuwa patupu, pamefagiwa safi, na bamama wamebanana kote kuzunguka. Nilimwuliza Mama Adolphine kwa nini wanateseka hivyo na nafasi ipo. Akanishangaa. Alisema pale kuna mtu anahamia, hawezi kukuta samaki mlangoni.

Asante sana, Mama Florentine. Tunakutakia mihogo minene, miguu isiyouma na asubuhi za kutazama tu, bila kazi. Na kila Julai ukitushukia, utakuta mahali pako pamefagiwa.