Halwa ya Bi Mauza

Basi la Magomeni halijatoka hata Kariakoo, Klara alikwisha jua mambo yote ya wazee wawili waliokaa mbele yake. Masikio yao yalikuwa mazito, na mnong'ono wao ulimfikia hadi dereva.

Tangu asubuhi walikuwa wakizunguka maduka ya halwa ya utotoni mwao. Moja sasa liliuza mafagio. La rafiki yao Hamud lilikuwa na kufuli, kwa kuwa msako wa sukari iliyofichwa ulimpeleka mwenyewe rumande. Ilala ndiko walikoambulia halwa kidogo, na yule aliyeitwa Sheikhan aliipakata ndani ya kikapu cha ukindu.

"Tutamwambia Bi Mauza imetoka kwa mwanawe Hamud," alisema. "Mama wa watu haoni, hainuki kitandani, na sisi ndio tuliomwambia mwanawe amebanwa na halwa za harusi."

"Haoni, lakini ulimi anao," mwenzake Pantaleo akamjibu. "Hamud kafundishwa kupika na nani? Akiionja tu atajua si mkono wa mwanawe, halafu atauliza yuko wapi."

"Utamjibu wewe. Mimi nimebeba halwa tu."

"Basi usimpe!"

"Ndiyo anayoililia, Pantaleo. Nimpe maji?"

Klara akasogea mbele asikie jibu, bila haya. Basi likasimama Magomeni. Wazee wakashuka, kila mmoja akimhimiza mwenzake atangulie.

Kondakta akakiona kikapu kimebaki kitini, akawaita kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima. Hakuna aliyegeuka. Wote wawili wakaongeza mwendo.