Niliogelea Kufuata Moshi, Bwana Akanigeuza

Apewe sifa Bwana wa nchi kavu na wa maji! Semeni Amina! Hiyo ni Amina ya watu waliolala. Semeni tena!

Mnanijua. Mimi ni Mama Ester, mke wa Mzee Tomasi, yule pale nyuma anayetazama chini kwa sababu anajua nitakayoyasema. Nimerudi jana, na nguo nilizosafiri nazo bado ziko kwenye kamba. Mchungaji ameniomba niseme kwa kifupi. Mchungaji, nitajitahidi, lakini usinitegemee sana!

Ndugu zangu, sisi ni watu wa Simbo kule mlimani, watu wa jembe. Ziwa tulikuwa tumelizoea kwa mbali. Tulipohamishiwa huku kwenye kijiji cha ujamaa, lori lilitushusha mwaloni, pale boti zinapotua, pamoja na masufuria na kuku wetu, na mwaka ule ule wa kwanza nikajitia ujasiri nikapanda boti kwenda sokoni Ujiji. Hatukufika mbali. Boti ilipinduka mahali ambapo mtu mrefu angesimama maji yakamfika kifuani. Lakini mimi si mrefu, mnaniona! Nilikunywa maji mpaka nikaona giza, na walinitoa kwa kunivuta nywele.

Tangu siku ile nikawa mfungwa. Mlango wa nyumba yangu niliufungulia upande wa mlima ili nisilione ziwa nikiamka. Maji ya kupikia niliwatuma wengine. Watu walipokuwa wakifua na kucheka kule mwaloni, mimi nilifulia uani kwa maji ya beseni, nikijifanya nina shughuli nyingi. Nilikuwa naogopa, ndugu zangu!

Kisha binti yangu Ester akaolewa Kagunga. Wenye miguu ya ujana hufika Kagunga kwa kupanda milima, lakini kwa goti langu hili hakuna njia isipokuwa boti. Ester akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Baraka. Na kwetu nyumbani, binti akijifungua, mama yake ndiye huenda kwanza, na unga, na kibuyu cha togwa. Kabla hajaenda, mtoto haletwi kwa bibi yake. Nilisaga unga ule, nikaufunga, nikaubeba mpaka mwaloni. Nikaiona boti inavyoyumba. Nikarudi na unga wangu kichwani. Mara ya pili hivyo hivyo. Habari zikawa zinakuja na wavuvi: Baraka ameota meno, Baraka anatambaa, Baraka amesimama. Nilikuwa nazipokea kwa kucheka, halafu naingia ndani kulia.

Sasa sikilizeni jinsi Mungu anavyofanya kazi, maana wakati mwingine hutumia hata ulimi wangu mbaya! Katika mkutano wa kijiji, katibu akatangaza mashindano ya kuogelea kwa ajili ya sherehe ya kijiji chetu. Kutoka ncha ya mawe, kukata ghuba, mpaka mwaloni. Wanaume peke yao na wanawake peke yao, kila kikundi cha kazi kitoe mtu. Kikundi cha dagaa kikatoa mtu, kikundi cha nyavu kikatoa mtu. Ikafika zamu yetu sisi wa shamba la mihogo, hakuna aliyejitokeza. Mmoja akasema kwa sauti, "Hao wa mlimani waacheni, watazama hata kwenye umande." Watu wakaangua kicheko. Mawe, mama yangu! Nikaona mkono umenyanyuka, kutazama, ni mkono wangu! Hasira ndiyo iliyounyanyua, lakini Bwana ndiye aliyeuzuia usishuke.

Aliyenifundisha ni jirani yangu Bibi Feza, ambaye wazazi wake walitoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, ambayo sasa inaitwa Zaire. Yeye ni Mwislamu, hayupo hapa leo, lakini Mungu alimtumia na mimi siwezi kuficha. Kila asubuhi tukishamaliza kuanika dagaa zake, alinifunga vibuyu viwili vitupu kifuani, akanisukuma. Nilipiga kelele mpaka watoto wa shule wakatoka darasani! Alikuwa akiniambia, "Weye mama, maji si adui yako. Lala, yatakubeba." Baada ya wiki nyingi akaniondolea kibuyu kimoja, kisha cha pili. Nikabaki juu, na nikagundua majini goti langu haliumi hata kidogo. Lakini ndugu zangu, hofu haikutoka. Niliogelea penye kina cha kusimama tu.

Siku ikafika. Nilivaa suruali ya Mzee Tomasi, nikafunga kanga kibwebwe. Mchungaji, nisamehe, ndivyo ilivyokuwa. Bibi Feza akanikumbusha, "Chagua alama nchi kavu, uifuate usiiache." Wenzangu wote wakachagua paa la bati la shule. Mimi nikachagua moshi! Sisi watu wa Simbo tukipotea porini tunatafuta moshi, maana penye moshi pana nyumba. Na pale mwaloni akina mama walikuwa wakipika chakula cha sherehe, moshi umesimama vizuri kabisa.

Filimbi ikalia, tukaingia. Wenzangu wakaondoka mara moja, na mtumbwi wa waangalizi ukawafuata. Mimi nikaenda zangu polepole, nikimtaja Yesu kwa kila mkono. Nilipochoka nikalala chali nipumzike kama nilivyofundishwa. Mawimbi yakanizungusha bila mimi kujua. Nilipogeuka tena nikauona moshi, nikasema asante Bwana, nikaufuata kwa bidii. Nikaogelea, moshi uko pale. Nikaogelea tena, moshi unasogea! Nikajiuliza, hawa akina mama wanahamisha mafiga?

Ndugu zangu, ilikuwa boti! Boti ya wafanyabiashara wanaorudi ng'ambo, wanapika ugali wao kwa kuni mbichi! Wakaniona, wakazima injini. Mzee mmoja akainama akauliza, "Mama, unakwenda wapi?" Nikasema mwaloni. Akasema, "Mwaloni uko nyuma yako. Huku unakwenda Zaire, na sijui kama una pasi!"

Nikageuka. Watu wa mwaloni walikuwa wadogo kama dagaa. Chini yangu maji yalikuwa meusi, hayana mwisho. Hofu yote ya miaka ile ikanijia kwa pamoja, nikasahau kupiga miguu, nikanywa maji. Yule mzee akaninyooshea kasia, "Shika, mama, panda!" Mkono wangu ukaenda. Vidole viligusa lile kasia, ndugu zangu! Ndipo nikamwona Ester moyoni mwangu, nikajua kwamba nikitolewa tena majini kwa mikono ya watu, Kagunga itabaki mbali vile vile. Nikapiga ukelele, "Imana weee, Mungu wangu, nishike wewe!" Nikaliachia kasia, nikalala chali.

Na maji yakanibeba. Yale yale meusi! Nilisikia masikio yamejaa maji, moyo unadunda, kisha unatulia, unatulia. Mbingu ilikuwa pana juu yangu. Nikasubiri nizame, sikuzama. Hofu ikatoka! Nasema ikatoka, na mpaka leo haijarudi! Haleluya! Nikaanza kucheka peke yangu katikati ya Ziwa Tanganyika, wale wa kwenye boti wakadhani nimerukwa na akili. Nikawauliza, "Paa la shule liko wapi?" Wakanionyesha, nikageuka nikaenda. Wakanifuata taratibu nyuma na ugali wao, mpaka nilipokaribia nchi kavu.

Nilikuwa wa mwisho. Zawadi ilikuwa imeshatolewa, wanaume walikuwa wanakula. Lakini mliponiona ninyi mliacha sahani! Mliingia majini na nguo zenu! Mzee Tomasi alifika wa kwanza, na alikuwa analia, hata akikataa. Na Bibi Feza akapiga kelele kutoka mchangani, "Tulikutuma hapa, umekwenda kuwasalimia ndugu zangu ng'ambo, Kalemie!"

Wiki iliyofuata nilisaga unga mpya. Nikapanda boti ya Kagunga nikakaa mbele kabisa, mawimbi yakinirukia usoni, nikiimba mpaka nahodha akaniomba ninyamaze asikie injini yake. Tulipofika, Ester alikuwa ufukweni anaosha vyombo. Aliponitambua aliangusha sufuria likaelea likaenda, hatukulijali. Tulishikana tukalia kama watu wa msiba. Na kando yetu alisimama mtoto mkubwa, ana miguu yake, ana maneno yake. Akamvuta mama yake kanga akauliza, "Mama, huyu ni nani?"

Lilinichoma lile neno! Nikapiga magoti mchangani, nikamwambia, "Mimi ni bibi yako, nimekuja." Akaiachia kanga ya mama yake, akanipa mkono, akasema, "Shikamoo."

Namshukuru Mungu, namshukuru sana! Na wewe uliyekaa hapo na hofu yako, umeufungulia mlango wako upande mwingine kama nilivyofanya mimi, nakusihi, mwamini Bwana huyu, atakubeba hata pale pasipo na chini. Simama, njoo mbele tuombe pamoja. Ng'ambo ya hofu yako kuna mtu anakua bila kukujua. Njoo kabla hajauliza wewe ni nani.