Wageni Arobaini wa Fundi Makochi

Ndugu, jamaa na majirani mliosimama juani kwa ajili yetu, familia imemchagua shemeji yake marehemu asome karatasi hii, kwa kuwa sauti yake hufika barabarani bila kipaza sauti, na pia kwa kuwa yeye mwenyewe ameomba, maana ina jambo ndani yake ambalo hata mjane, dada yake wa tumbo moja, atalisikia leo kwa mara ya kwanza.

Marehemu, ambaye wote tulimwita Fundi Makochi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kitinda mimba wa watoto wanne, akaanza shule ya msingi Januari 1974 na kuimaliza 1980, akaingia sekondari akakaa miaka miwili, akaacha kwa sababu, kama alivyopenda kusema, madawati yalikuwa yamepigwa misumari ovyo na hakuna mwalimu aliyetaka ushauri wake.

Mwaka 1983 alianza kujifunza kushona makochi katika karakana ya mjomba wake, na tarehe 2 Mei 1990 akafungua ya kwake, chumba kimoja chenye mlango wa kijani kando ya kituo cha mafuta, na msomaji anaapa, bila ile chumvi yake mnayoijua, kwamba kochi lililopita mikononi mwa marehemu lilikaliwa na bibi harusi, likaja kukaliwa na wajukuu wa bibi harusi huyo, na sponji halijabonyea. Tarehe 19 Desemba 1992 alimuoa dada yake msomaji, wakajaliwa mabinti wawili, aliyezaliwa 1994 ni muuguzi na aliyezaliwa 1999 ni mwalimu, wote wako hapa mbele.

Mwaka 2018 likafunguliwa ng'ambo ya barabara duka la makochi ya kiwandani, wateja wakavuka mmoja mmoja, marehemu akabaki anafagia karakana mara tatu kwa siku ilhali haina vumbi, na jioni akimuuliza mkewe, "Mama watoto, hivi mikono yangu haitakiwi tena na mtu?" Ndipo tarehe 5 Februari 2019 msomaji, bingwa wa kompyuta wa mtaa mzima ingawa alijifunza kwa kuchungulia mabegani mwa watu, akamtengenezea tovuti yenye picha kumi na mbili za makochi, na chini kabisa namba ya kuonyesha imefunguliwa mara ngapi siku hiyo, na namba hiyo, ndugu zangu, ndiyo iliyomla.

Wiki ya kwanza tu ikasoma arobaini kwa siku, marehemu akafufuka, akaweka viti viwili mlangoni vya kupokelea watakaofika, akawa anatamba mezani, "Leo arobaini na mmoja, shemeji, hawa wanatazama kwanza, mtu hanunui kochi kama nyanya," lakini miezi ikapita, hakufika mtu, wala simu haikulia. Msomaji akafungua ukurasa wa nyuma, ambao ni yeye peke yake mwenye neno la siri na wenyewe hauhesabiwi, akaona wageni wote wametoka katika simu moja, ya marehemu mwenyewe, aliyekuwa akifungua tovuti kutwa kucha kuona kama namba imepanda, na kwa kufungua huko akaipandisha, kama mtu anayebisha hodi kwake kisha akakimbilia ndani kuitikia karibu. Msomaji hakumwambia, alisema atamwambia kesho, na kesho ilipofika akaanza kufungua na yeye, mara kumi, mara ishirini, ili arobaini isipungue.

Septemba 2022 marehemu aliugua figo, madaktari wakamtaka afunge karakana aanze matibabu, akakataa, akasema, "Nifunge vipi na watu arobaini wako njiani?" Mkewe alilia, mabinti walimpigia magoti, na msomaji, aliyekuwa na neno moja la kumtoa pale, alinyamaza. Marehemu alilazwa tarehe 8 Machi 2024 akiwa amebebwa, simu yake ikafungiwa kabatini, na kuanzia hapo wageni wote arobaini walikuwa kidole gumba cha msomaji kwenye benchi la hospitali.

Jumanne tarehe 11 Juni hali ilibadilika, tukahangaika kutwa, msomaji hakufungua hata mara moja, na jioni marehemu akauliza kwa taabu, "Leo wangapi?" Msomaji akachungulia ukurasa wa nyuma, akakuta mmoja, katika simu asiyoijua, amekaa dakika kumi na moja, ametazama picha zote, na ile ya kochi la bluu ameirudia mara tatu, na kwa furaha ulimi ukamponyoka, akasema, "Mmoja." Marehemu akageukia ukutani, akasema, "Mmoja tu," na hakusema tena. Kumweleza kwamba huyu ndiye wa kwanza wa kweli kulitaka kumweleza habari ya wale wengine wote, msomaji akaona haya, akasema kesho. Marehemu alifariki Jumatano saa moja asubuhi, msomaji akiwa getini anasubiri muda wa kuona wagonjwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliopika na kulala nasi, mafundi wenzake walioshona kitambaa cha jeneza hili bila kuombwa, na mgeni yule mmoja ambaye hatumjui jina. Kama yupo hapa, kochi la bluu bado lipo karakanani, mlango wa kijani, aje alikalie.

Fundi, leo wamekuja wenyewe, kwa miguu yao, na shemeji yako hajamhesabu mtu mara mbili. Pumzika kwa amani.